Kuipitisha dosetakseli njia ya mafuta

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kwenye dirisha la dawa hapa Kisumu ni hili: “Daktari, hii haina ya kumeza?” Anayeuliza huwa ametoka Siaya au Homa Bay kwa matatu ya alfajiri, atundikiwe dripu ya dosetakseli, dawa ya saratani, kwa saa moja, kisha arudi tena baada ya majuma 3.

Dosetakseli ikimezwa hupotelea njiani. Ukuta wa utumbo una pampu, P-glaikoprotini, inayoirudisha ilikotoka, na kile kinachopenya hukutana na kimeng’enya CYP3A4, kilichomo utumboni na kwa wingi zaidi katika ini, ambacho huivunja kabla haijasambaa mwilini. Karibu kila tunachokula hupelekwa kwenye ini kwanza. Mafuta mengi hayapiti huko.

Chukua damu ya mtu aliyekula samaki wa kukaanga saa chache zilizopita, uizungushe kwenye mashine ya maabara, na yale maji ya juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano na yanaangaza, utayaona meupe kama chai ya maziwa iliyokosa majani. Weupe huo ni kilomikroni, matone madogo ya mafuta ambayo utumbo huyatoa kupitia mishipa ya limfu, majimaji ya mwili yenye mishipa yake mbali na ile ya damu, nayo limfu hupanda kifuani na kumwagikia kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo, upande wa kushoto, bila kuligusa ini.

Wagonjwa wa malaria huambiwa wameze lumefantrini pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa kuwa chakula cha namna hiyo kinaweza kuongeza ufyonzwaji wake hadi mara 16. Kwa dosetakseli maziwa hayatoshi, kwani dawa inayotaka kupanda kilomikroni hutarajiwa kuyeyuka katika mafuta kwa zaidi ya miligramu 50 kwa kila gramu. Kwa hiyo molekuli yenyewe hugeuzwa kuwa mafuta: katika trigliseridi, molekuli ya kawaida ya mafuta yenye mikono mitatu, mkono wa kati huondolewa na dawa hufungwa mahali pake. Kimeng’enya cha kongosho hukata mikono ya pembeni, utumbo hufyonza kilichobaki kana kwamba ni chakula, huirudisha mikono, kisha hupakia mzigo wote kwenye kilomikroni.

Ugumu uko kwenye kifundo kinachoiunganisha dawa na mafuta. Dawa hufungwa kwenye hidroksili yake ya 2′, kishikio cha oksijeni na hidrojeni ambacho hukihitaji ili kuishika tubulini, protini ya seli inayolengwa na dawa, hivyo hulala bila kufanya kazi mpaka ifunguliwe. Kifundo kikilegea, dawa huachiliwa utumboni, mbele ya pampu ileile. Kikikaza mno, mgonjwa atabeba mafuta yasiyotibu. Wanakemia huweka kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, jirani na kifundo ili kuvizuia vimeng’enya visikifikie mapema. Kuongeza mkia wa mafuta, kwa maoni yangu, ni kazi nyepesi. Hiki kifundo ndicho kinachokula miaka.

Kisha kuna mgonjwa mwenyewe. Saratani ya umio imeenea magharibi mwa Kenya, na mwenye nayo huenda hawezi kumeza hata kapsuli. Aliyezibwa njia ya nyongo hafyonzi mafuta vizuri. Akija mtengenezaji na kapsuli yake, nitamwuliza kwanza ni kiasi gani kinachoingia mwilini mwa mtu mwenye kichefuchefu, aliyekunywa uji mtupu tangu asubuhi.