Probesheni, ED na ulemavu: msichanganye

“Huyu bado yuko probesheni, mwandikie barua tu.” Sentensi hii, ya kumwachisha kazi aliye kwenye kipindi cha majaribio, imenichosha. Inatoka kwa meneja rasilimali watu, inapita kwa mhasibu anayepiga hesabu za stahiki, inamfikia mfanyakazi ambaye naye anaitikia: kweli, sijathibitishwa, nitadai nini? Upande wa pili wapo wanaoamini kinyume chake kwa nguvu ileile, kwamba mwenye ED mkononi, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini, hagusiki. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wamezikusanya haki zote kwenye gunia moja na kulibandika jina “probesheni”.

Nazungumzia Tanzania Bara, sekta binafsi. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, na watumishi wa umma wana njia yao inayopitia mamlaka zao za nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, wasinifuate huku. Namba za vifungu ni zile tulizozizoea. Ukiwa na toleo jipya, tafuta kwa kichwa cha kifungu.

Tuanze na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haikuchora mstari wake kwenye neno “majaribio”. Imeuchora kwenye miezi sita. Kifungu cha 35 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi sita, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Yasome tena hayo maneno ya mwisho. Mwajiri anayempa mtu mkataba wa miezi mitatu, kisha mwingine wa miezi mitatu, akidhani kila saini inarudisha saa kwenye sifuri, anajidanganya.

Miezi sita hiyohiyo ndiyo inayoamua malipo ya ugonjwa. Kila mtu anaijua likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Kinachosahaulika ni kifungu cha 29, kinachokaa mwanzoni mwa sehemu ya likizo kama bawabu: aliye chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo, isipokuwa wafanyakazi wa msimu, na wale waliofanya kazi kwa mwajiri huyohuyo kwa vipindi ambavyo jumla yake katika mwaka inazidi miezi sita. Kwa hiyo aliyeanza kazi tarehe 3 Februari, akalazwa Aprili kwa siku kumi na mbili, sheria peke yake haimlazimishi mwajiri kumlipa siku hizo. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kabla hujakata tamaa, fungua mkataba. Waajiri wengi hunakili vipengele vya likizo kutoka mkataba wa mtu mwingine na kuandika “mfanyakazi atastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa” bila kutaja miezi sita popote. Hapo wamekupa zaidi ya sheria, na sheria haimzuii mtu kuwa mkarimu kwa bahati mbaya. Kama hukupewa mkataba wa maandishi, kifungu cha 15 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalolidai.

Halafu kuna hili: kutolipwa siku ni jambo moja, kuandikwa mtoro ni jambo jingine kabisa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinahesabu kama kosa zito kukosekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika. ED ndiyo sababu inayokubalika, lakini lazima iwe imefika. Ukimpa dereva wa kampuni akupelekee, ikabaki kwenye dashibodi ya gari, rejista itaonyesha mstari mwekundu siku tisa mfululizo na utakuwa huna la kuonyesha. Piga picha karatasi yote, mhuri na namba ya usajili ya daktari vikionekana, itume kwa msimamizi siku hiyohiyo, na nakala halisi ipokelewe kwa saini na tarehe. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la idara. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na msimamizi anayeitisha ED mbele ya watu thelathini anajitafutia matatizo yake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kweli: watu kusema “mgonjwa au mlemavu” kana kwamba ni neno moja. (Na tuseme “mwenye ulemavu”.)

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kazini na kinataja misingi yake: rangi, kabila, jinsia, ujauzito, umri, VVU na UKIMWI, ulemavu na mingineyo. Ugonjwa, ukiwa ugonjwa tu, haumo. Malaria ya siku tano haimo. Kidole tumbo kilichokatwa na kupona hakimo. Kifungu hiki kiko kwenye sehemu ya haki za msingi, nje kabisa ya uzio wa kifungu cha 35, yaani vile vifungu vya kuachishwa isivyo haki. Hakina miezi sita wala majaribio. Kinamlinda hata mwombaji kazi ambaye hajasaini chochote.

Maana yake kwa vitendo ni kubwa. Chukua wafanyakazi wawili wa ghala moja, wote wakiwa mwezi wa nne tangu waajiriwe, wote wameachishwa. Wa kwanza alikuwa na homa ya matumbo, akakosa wiki mbili. Wa pili ana mguu mfupi tangu utotoni, anapanda ngazi taratibu, na barua yake inasema “kasi yake haiendani na mazingira ya kazi”. Wa kwanza hana kesi ya kuachishwa isivyo haki na hana kesi ya ubaguzi. Kabakiwa na mkataba, notisi na utaratibu. Wa pili ana kesi ya ubaguzi nzima, kama angekuwa na miaka kumi kazini. Akishaweka ushahidi wa awali kwamba ulemavu ndio uliomponza, mzigo unamhamia mwajiri: athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba kinachodaiwa ni hitaji la msingi la kazi hiyo. Hitaji la msingi si “tumezoea hivi”. Kama kazi ni kuhesabu maboksi kwenye kompyuta na ngazi hupandwa mara mbili kwa siku, ngazi si kazi.

Hapa ndipo hata mawakili huteleza. Kifungu cha 37 nacho kinasema sababu zinazohusiana na ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu. Wanakishika kwa sababu kinasomeka vizuri. Lakini 37 kiko ndani ya uzio wa 35! Mteja wa miezi minne anayefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa ameshika 37 anatolewa kwa pingamizi la awali, kabla hata mguu wake haujatajwa. Shika cha 7.

Na katikati ya ugonjwa na ulemavu kuna eneo la ukungu, sitalificha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inauelezea ulemavu kwa kuangalia namna mtu anavyopoteza au kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii, za muda au za kudumu. “Za muda.” Je, mvunjiko wa nyonga unaokuweka kwenye magongo miezi mitano umo? Kifafa kinachodhibitiwa na dawa? Kisukari kilichoanza kula macho? Kwangu, vyote vinaweza kuingia, kutegemea vimekuzuia nini, wala si jina la ugonjwa. Lakini nakiri msuluhishi mwingine atalisoma neno hilo kwa ubahili, na tafsiri yangu usiifanye nguzo pekee ya nyumba.

Kwa hiyo karatasi ya daktari iandikwe kwa akili. “Mgonjwa anahitaji kazi nyepesi” haina maana kwa mtu yeyote. Msimamizi atakupa kufagia. Inayosaidia inasema: asinyanyue zaidi ya kilo 10 kwa wiki sita, asisimame zaidi ya dakika 30 mfululizo, arudi kupimwa tarehe fulani. Jina la ugonjwa si lazima liwemo. Ambatanisha na barua fupi ya kuomba marekebisho mahususi: kiti, zamu ya mchana, kazi ya ghorofa ya chini. Mwajiri hawezi kulaumiwa kwa kutorekebisha asichokijua, na kimya chako kitatumika dhidi yako. Akikataa, dai jibu lake kwa maandishi. Akikataa kuandika, mtumie wewe barua pepe: “Kama tulivyozungumza leo saa nne, umesema…”

Mwajiri naye asome Kanuni ya 10 ya hilo Tangazo Na. 42, kwa kuwa ni fupi na hakuna anayeisoma. Majaribio yawe ya muda unaofaa, usiozidi miezi 12. Katika muda huo unatakiwa kumtathmini mtu, kukutana naye mara kwa mara, na kama hauridhiki, umwambie, umpe nafasi ya kujibu na muda wa kujirekebisha, akiwa na haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Na kama hukuweza kumpima kwa sababu alikuwa wodini? Kanuni imeshakupa mlango: ongeza muda wa majaribio baada ya kushauriana naye. Alikosa wiki tatu, ongeza wiki tatu, andika sababu, atie saini. Barua inayosema “utendaji hauridhishi” kwa mtu ambaye nusu ya kipindi hakuwepo haijapima utendaji wowote. Imepima vitanda vya hospitali.

Mwenye shaka aulize: kuvunja Kanuni ya 10 kuna adhabu gani kwa aliye chini ya miezi sita, ikiwa mlango wa kuachishwa isivyo haki umefungwa? Swali zuri, na jibu lake ni dhaifu kuliko tunavyopenda kuwaambia wateja. Na kwa aliyepita miezi sita lakini barua ya kuthibitishwa haijaja, kifungu cha 35 kinahesabu miezi, hakitaji uthibitisho. Ungedhani yuko ndani ya ulinzi. Lakini Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2005 iliyafananisha majaribio na usaili wa vitendo, imeendelea kushikilia kwamba kuisha kwa kipindi hakumthibitishi mtu moja kwa moja, na kwamba aliye kwenye majaribio hafaidi kila anachofaidi aliyethibitishwa. Ukifika mwezi wa saba kazini bila barua, iombe kwa maandishi. Usikae ukitegemea ukimya.

Ajali kazini ni habari nyingine, na hapa sina subira hata kidogo na wanaosema “hajathibitishwa, hayumo”. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hauulizi barua ya uthibitisho. Ukikatwa kidole na mashine siku ya pili ya kazi, umo. Toa taarifa mara moja, hakikisha mwajiri anaipeleka, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Notisi. Vipengele vya “notisi ya saa 24 wakati wa majaribio” vimejaa kwenye mikataba na havina thamani ya wino wake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira nacho kiko nje ya uzio: siku 7 kama ni ndani ya mwezi wa kwanza, baada ya hapo siku 4 kwa aliyeajiriwa kwa siku au wiki, na siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Iwe ya maandishi na itaje sababu. Ndiyo, hata kwa aliye chini ya miezi sita, na sababu hiyo iliyoandikwa ndiyo mara nyingi inayozaa kesi ya ubaguzi. Kifungu hichohicho kinakataza kumpa mtu notisi akiwa likizo ya kisheria. Je, aliye na ED mwezi wa nne wa ajira yuko likizo ya kisheria? Kifungu cha 29 kinamnyima likizo “yenye malipo”. Hakisemi hana likizo. Ningeijenga hoja hiyo, ila nisingeweka dau juu yake.

Ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, jaza Fomu Na. 1, ile ya kuwasilisha mgogoro, kwa makini kuliko ulivyojaza ya kuomba kazi. Mgogoro wa kuachishwa una siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Ubaguzi uko kwenye 60, lakini ukiishia na barua ya kuachishwa, mtu atabishana kwamba ni 30, basi peleka ndani ya 30 na mjadala uishe. Kwenye aina ya mgogoro, weka alama kwenye ubaguzi, na kuvunjwa mkataba kama notisi haikulipwa. Usiweke alama kila kisanduku “kwa usalama”. Na Sehemu B, ile ya mgogoro wa kuachishwa kazi, kama hujafikisha miezi sita iache wazi: ukiijaza, umemkabidhi wakili wa mwajiri kifungu cha 35 kwa mkono wako mwenyewe.