Kushuka Usambara kwa gia, si kwa mguu

Harufu ya breki zinazoungua huifikia pua yangu kabla macho hayajaliona gari. Jumapili moja mchana, tukiteremka kutoka upande wa Mtae, niliinusa nikiwa mbele ya msafara wa magari sita, nikajua kuna mwenzetu anashuka kwa mguu, yaani kwa kukanyaga breki njia nzima. Sikuwahi kumaliza kuuliza kwenye redio. Dereva wa gari la nne alisema, sauti ikitetemeka: "Fundi, pedeli inazama."

Nikamwambia aingize gia namba moja, alilaze gari upande wa kilima, asiangalie bondeni. Bodi ilikwaruza ukuta wa udongo kama mita kumi hivi, gari likasimama. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sianzi safari bila kueleza haya ninayoyaandika hapa.

Kwa wasioijua njia yetu: tunaiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo na kupanda kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, kupitia Soni hadi Lushoto. Usiku wa kwanza tunalala karibu na msitu wa Magamba, penye baridi inayowashangaza watu waliotoka Dar asubuhi na fulana. Kesho yake tunafuata njia za udongo hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa mlima. Hapo ardhi inakatika ghafla, na uwanda wa Mkomazi unaonekana wote chini yako. Ni pazuri mno. Ila kila mita uliyoipanda utaishuka, na Mombo peke yake iko karibu mita 1,000 chini ya Lushoto.

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukiikanyaga mfululizo kwa dakika kumi, joto halipati pa kwenda. Linapita kwenye pedi na kuingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya kabisa haichemki mpaka nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubinyika ukikanyaga, ndiyo maana pedeli inazama bila gari kushikwa. Gari la mwenzetu lilikuwa na pedi nzuri tu. Mafuta ndiyo yalikuwa hayajabadilishwa kwa miaka. Badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama bado yanaonekana masafi.

Sasa kushuka kwenyewe. Simama juu, kabla ya mteremko, uingize gia nzito ya transfa (kisanduku cha pili cha gia kwenye magari ya magurudumu manne) na namba moja. Kwenye Land Rover Defender yenye transfa ya LT230, upande huo mzito hupunguza mwendo mara 3.32 kabla nguvu haijafika kwenye difu inayoigawa kwa magurudumu, kwa hiyo gari linatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Toa mguu kwenye klachi, uuweke mbali kabisa. Ukiikanyaga klachi katikati ya mteremko, umeifungua kamba iliyokuwa imekushika. Breki unaigusa na kuiachia pale injini inapoanza kulia sana, basi.

Kuna jambo moja wengi hulikataa mpaka walione. Udongo mwekundu wa kule ukilowa, matairi yanaweza kuanza kuteleza kwa sababu injini inayazuia kuzunguka. Mguu wa kila mtu hapo unatamani breki. Wewe kanyaga pedeli ya mafuta kidogo, kidogo tu, magurudumu yazunguke sawa na mwendo wa gari. Yakizunguka yanashika, na usukani unarudi. Hata hivyo, wakati wa masika mimi sipeleki kundi huko. Nikiambiwa ni woga, nakubali niitwe mwoga.

Na gari likikushinda wakati wa kupanda, injini ikazima? Usigeuze. Gari hupinduka kirahisi mlimani dereva akijaribu kulizungusha, likakaa ubavu kwa mteremko. Shika breki ya mguu, ingiza rivasi ikiwa bado gia nzito, achia klachi, kisha washa injini gari likiwa ndani ya gia na uachie breki taratibu. Litarudi nyuma lenyewe, polepole, kwa njia ile ile uliyopandia. (Magari mapya yasiyowaka mpaka ukanyage klachi hayawezi hili, kwa hiyo ijue gari lako ukiwa nyumbani.)

Mizigo ya juu ni ugomvi wangu wa kila safari. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20. Weka manne juu ya keria, ongeza hema la juu, halafu liingize gari kwenye njia iliyolalia upande: utalisikia linaegemea. Maji yakae chini, nyuma ya viti, yamefungwa.

Upepo wa tairi tunaupunguza Lushoto, kutoka psi 35 hadi 22 hivi. Tairi likilegea kidogo linakumbatia jiwe badala ya kulidunda.

Kwenye mteremko mkali linashuka gari moja tu, mengine yanasubiri juu mpaka lile la kwanza lifike na kutoa taarifa. Dereva mwenye uzoefu zaidi baada yangu anakaa mwisho kabisa, na vifaa vya kuvuta gari lililonasa viko kwake, kwa sababu aliyenasa karibu kila mara yuko nyuma ya kiongozi.

Kambini sina mengi. Tunapiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kigingi cha kwanza, tunamwamkia, tunaonyeshwa mahali. Kuni tunanunua kwa wanakijiji, hatukati mti.

Mombo, joto likitupokea tena, tunaegesha kivulini na kujaza upepo. Mimi napita gari hadi gari, nikisogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Safari iliyopita yote ishirini na manne yalikuwa na uvuguvugu tu, na yule mwenzetu wa gari la nne alinifuata nyuma akiyapima na yeye.