Mnara kufika haimaanishi watu wako mtandaoni

Kuna hili wazo limekaa miaka mingi, kwamba asiye na intaneti ni wa kijijini ambako mnara haujafika, na ukishasimamishwa basi kazi imeisha. Sio hivyo jamani. Mkongo wa Seacom, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, umefika Dar tangu 2009, network ipo Mbagala, ipo Tandale, lakini pita huko uone wangapi bado wana kitochi tu.

Watu wanasema mbona wanatuma M-Pesa? Ndio, ila ile *150*00# ni USSD, yaani menyu ya kubonyeza namba inayopita kwenye network ya kawaida ya simu, haihitaji bando wala simu janja, kwa hiyo mama ntilie anaweza kupokea na kutuma hela kutwa nzima na hajawahi kuingia intaneti hata mara moja.

Kinachozuia hasa ni bei ya simu, bando linaloisha kabla ya wiki, simu ya nyumbani kuwa ya baba peke yake, na kutojua ubonyeze wapi, tena mambo mengi yako kwa Kiingereza. Chukua maombi ya mkopo wa HESLB, ile Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, yanajazwa mtandaoni, sasa dogo asiye na kompyuta anaenda steshenari kumlipa mtu amjazie, anampa mpaka nywila yake (hii inaniuma sana), na jina likikosewa herufi moja anarudi kulipa tena. Na huyo yuko mjini kabisa, network imejaa.

Mwaka 2023 ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walikadiria watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti, na wengi wao wanaishi palepale ambapo intaneti ya simu inashika.