Kuchunguza afya ya ini kwa wenye magonjwa ya kurithi ya umetaboli: maana yake nini?

Umetaboli ni kazi yote ya kikemia inayofanyika mwilini: kuvunja chakula, kujenga misuli, kuweka akiba, kutoa taka. Kazi hiyo huenda hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Mara nyingi mtoto anaporithi jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, kimeng'enya kimoja hukosekana au hulegea, na hatua moja hukwama. Kinachotangulia hatua hiyo hurundikana, kinachopaswa kufuata hupungua. Daktari Mwingereza Archibald Garrod ndiye aliyeieleza dhana hii mwaka 1908, kabla mtu yeyote hajajua jeni imeundwa na nini.

Ini huingia katika habari hii kwa sababu hatua nyingi kati ya hizo hufanyika humo. Katika galaktosemia, kichanga hunyonya vizuri, kisha baada ya siku chache anatapika, macho yanakuwa ya manjano, ini linavimba. Sukari ya maziwa imeshindwa kuchakatwa. Katika ugonjwa wa Wilson ni shaba inayogoma kutoka kupitia nyongo. Hujaa kwenye ini, halafu huvuja kwenda kwenye ubongo na machoni, ambako wakati mwingine huacha duara la rangi ya kahawia au kijani pembezoni mwa konea, utando angavu ulio mbele ya jicho.

Hayo ni maradhi yanayoliumiza ini waziwazi. Yapo mengine ambayo kwa miaka mingi ini lilihesabiwa kuwa zima, ila limepungukiwa kimeng'enya kimoja tu. Mfano ni maradhi ya mzunguko wa yurea, ambapo mwili hushindwa kugeuza amonia itokanayo na protini kuwa yurea. Hofu yote ilikuwa kwenye ubongo, na kwa haki, maana amonia ikipanda huua. Lakini watoto walipookolewa na kukua, ikaonekana kwamba baadhi yao ini linapata makovu taratibu, hasa wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho ASL, hata wale ambao amonia yao imedhibitiwa vizuri. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa dhana nzima: dalili kutulia ni jambo moja, ini kuwa salama ni jambo jingine.

Na ini halilalamiki. Nyama yake ya ndani haihisi maumivu; kinachouma ni utando unaolifunika, nao huuma likishavimba. Kwa hiyo kuchunguza afya yake ni kulifuatilia mtu akiwa bado anajiona mzima, mwaka baada ya mwaka.

Damu hupimwa kwanza. ALT na AST, vimeng'enya viwili vinavyopatikana ndani ya seli za ini, hupanda kwenye damu seli hizo zinapoumia, albumini na kasi ya damu kuganda huonyesha kama ini bado linatengeneza protini zake. Tatizo ni kwamba ALT inaweza kusoma kawaida huku kovu likiendelea kukua. Zamani njia ya kulijua kovu ilikuwa kuchoma sindano na kutoa kipande cha ini. Kipimo hicho bado kina nafasi yake, lakini nani atakubali kumchoma mtoto kila mwaka?

Ndiyo maana elastografia, kipimo kinachopeleka wimbi la mtikisiko ndani ya ini ili kujua ugumu wake, imekuwa faraja kubwa. Mgonjwa, akiwa hajala kwa saa chache, hulala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, kifaa kinawekwa katikati ya mbavu. Anahisi kama anagongwa kidogo na kidole, mara kumi hivi. Wimbi hukimbia haraka zaidi kwenye ini gumu, na ugumu huo husomwa kwa kilopaskali. Hata hivyo, si kila ini gumu lina kovu. Ini lililovimba au lenye uchochezi nalo husoma juu, na mafuta mengi huweza kuvuruga hesabu. Kwa hiyo kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Husomwa pamoja na vipimo vya damu na vile vya miaka iliyopita.

Kwa kuwa kila ugonjwa una watu wachache, vituo vya nchi mbalimbali huunganisha kumbukumbu zao. Faida yake imeonekana katika tairosinemia ya aina ya kwanza, ambayo ilikuwa ikiharibu ini utotoni na kuleta saratani. Dawa ya nitisinoni ilipoanza kutumika miaka ya 1990, ufuatiliaji wa muda mrefu ulionyesha kuwa walioianza wakiwa na wiki chache tu za maisha hupata saratani hiyo kwa nadra sana kuliko waliochelewa. Lakini hatari haijafutika kabisa, kwa hiyo hata anayemeza dawa yake kila siku bila kukosa huendelea kuitwa kwa ultrasaundi na kupimwa alfa-fetoprotini, protini ambayo ikianza kupanda tena huwafanya madaktari walitazame ini lake upya.