Kanzidata Haifunguki, DLL Haipo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Msimu wa korosho ukikaribia, ofisi nyingi za Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea huwasha kompyuta ambazo hazijaguswa kwa miezi. Orodha ya wakulima, kilo zilizopokelewa ghalani na malipo yanayodaiwa huwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta: kwingine MySQL, kwingine Access au LibreOffice Base. Karani anabofya MySQL Workbench, programu ya kutazamia data ya MySQL, na badala ya programu kinatokea kisanduku kidogo chenye alama nyekundu, kinasema faili la VCRUNTIME140_1.dll halikupatikana. DLL ni faili la msimbo ambalo programu nyingi huliazima ili zifanye kazi. Tangu dakika hiyo kila apitaye ana ushauri wake, na sehemu kubwa ya ushauri huo huleta madhara kuliko kosa lenyewe. Tunazichukua hapa dhana tunazozisikia mara kwa mara.

"Programu imegoma, basi data imepotea."

Hapana. Workbench, HeidiSQL na DBeaver ni vyombo vya kutazamia tu. Data inatunzwa na seva, ambayo ni programu nyingine kabisa. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, kisha tafuta MySQL80 au jina linalofanana nalo. Ikionekana inafanya kazi, seva ni nzima na tatizo liko kwenye Workbench peke yake.

Ukiikuta imesimama, usihitimishe mapema. MySQL 8.0 ya Windows nayo inategemea kifurushi cha Visual C++, yaani mkusanyiko wa DLL kutoka Microsoft, kwa hiyo faili lile lile likikosekana seva pia hushindwa kuwaka. Data bado iko kwenye C:\ProgramData\MySQL\MySQL Server 8.0\Data. Folda ya ProgramData imefichwa, ndiyo maana wengi hawaioni. Andika anwani hiyo moja kwa moja kwenye upau wa juu wa folda. Huku seva ikiwa imesimama, nakili folda yote ya Data kwenye diski ya nje, pamoja na faili la my.ini lililo nje yake kidogo. Usinakili huku seva inafanya kazi, kwa sababu mafaili yanabadilika wakati unayanakili na nakala hiyo inaweza isifunguke kamwe.

Seva ikiwa inafanya kazi, njia salama zaidi ni kufungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri) ndani ya folda ya bin ya MySQL na kuandika:

mysqldump -u root -p --all-databases --result-file=D:\nakala.sql

Sehemu ya --result-file ina maana yake. Anayetumia PowerShell (dirisha jingine la amri) na alama ya > hupata faili lililoandikwa kwa mfumo wa UTF-16, na MySQL hulikataa siku ya kulirudisha. Wanaotumia Access au LibreOffice Base kwa kawaida wana kazi nyepesi: faili la .accdb au .odb ndilo lenye data, linakili tu huku programu imefungwa.

Kinachopoteza data kweli ni mtu anayeondoa MySQL Server nzima kwa hasira na kukubali folda ya data ifutwe, au anayefomati diski. Kwa hiyo nakala kwanza, matengenezo baadaye. Hili hatulilegezi hata kidogo.

"Pakua hiyo DLL mtandaoni, ibandike System32, kazi kwisha."

Huu ndio ushauri unaotolewa zaidi, na ndio mbaya kuliko wote. VCRUNTIME140.dll, VCRUNTIME140_1.dll na MSVCP140.dll husafiri pamoja ndani ya kifurushi kimoja cha Microsoft na hutegemeana. Ukileta moja kutoka tovuti usiyoijua, kesho programu italalamikia ya pili, keshokutwa ya tatu. Ukizikusanya zote kutoka matoleo tofauti, programu itafunguka kisha ianguke katikati ya kazi, na hapo hutajua umlaumu nani. Tena faili lililowekwa System32, ambayo ni folda ya mfumo wa Windows, linaweza kubebwa na programu yoyote kwenye kompyuta hiyo. Likiwa na kirusi, umekiruhusu mwenyewe kiingie.

Soma jina lililo kwenye kisanduku, kwa sababu namba ndiyo inayokuambia kifurushi. MSVCR100 ni Visual C++ 2010. MSVCR110 ni 2012. MSVCR120 ni 2013. Zenye 140, yaani VCRUNTIME140 na MSVCP140, ni za familia moja inayoanzia 2015, ikapita 2017 na 2019 hadi 2022 na kuendelea.

VCRUNTIME140_1 ndiyo inayowachanganya mafundi wengi. Wanafungua orodha ya programu kwa kuandika appwiz.cpl, wanaiona Visual C++ 2015 kwenye orodha, wanasema "mbona ipo!" Ipo, lakini faili lenye _1 lilikuja na kifurushi cha 2019. Kompyuta yenye kifurushi cha 2015 pekee ina VCRUNTIME140 na haina mwenzake. Dawa ni kuweka kifurushi kipya juu ya kile cha zamani.

Chukua vc_redist.x64.exe, kisakinishi cha kifurushi hicho, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ukilipata kwa flashi ya mtu, bofya kitufe cha kulia, fungua sifa za faili na uangalie sahihi ya kidijitali: lazima isomeke Microsoft Corporation. Isiposomeka hivyo, futa. Kama kuna DLL uliyokwisha kuibandika kwa mkono, iondoe kabla ya kusakinisha. Kisakinishi kikikuta faili lenye namba ya toleo iliyo sawa au kubwa zaidi, kwa kawaida hulipita bila kulibadilisha, na lile bovu litabaki pale pale. Kisha endesha kisakinishi kama msimamizi, zima kompyuta, iwashe upya, jaribu.

"Windows yangu ni ya biti 64, x86 hainihusu."

Kinachotazamwa ni biti za programu unayoifungua. Programu ya biti 32 ndani ya Windows ya biti 64 inatafuta kifurushi cha x86, yaani cha biti 32, na hata ukiweka x64, yaani cha biti 64, mara kumi haitakiona. Dalili ya haraka ni folda: programu zilizo ndani ya Program Files (x86) kwa kawaida ni za biti 32.

Majina ya folda za mfumo nayo yanapotosha. System32 hutunza mafaili ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Anayebandika DLL kwa kufuata jina huishia kuiweka mahali pasipo pake, na ujumbe unabadilika kuwa 0xc000007b. Namba hiyo mara nyingi humaanisha biti zimegongana.

Kwa kompyuta ya ofisi tunashauri kuweka vyote viwili, x86 na x64. Kwa pamoja havifiki MB 50, na havigombani.

"Visual C++ zimejaa kwenye orodha, nimezifuta nibakize mpya."

Zinafanana majina tu. Ya 2022 imebeba kazi za 2015, 2017 na 2019, lakini haigusi ya 2013, 2012 wala 2010. Ukiifuta ya 2013, programu iliyojengwa nayo itakufa siku hiyo hiyo. Nafasi unayookoa ni makumi machache ya MB. Ziache.

"Kisakinishi kimekataa, basi kompyuta ni mbovu."

Tazama namba. 0x80070666 inamaanisha toleo jipya zaidi limo tayari, nawe unajaribu kuingiza la zamani. Fungua appwiz.cpl, chagua Visual C++ ya 2015–2022 au v14, bonyeza Change, kisha Repair. Kwenye Windows 7, 0x80240017 mara nyingi hutokea kwa sababu Service Pack 1 haijawekwa, au sasisho la KB2999226 halipo.

"Endesha sfc /scannow, itarudisha kila kitu."

Amri hiyo hutengeneza mafaili ya Windows yenyewe. Vifurushi vya Visual C++ huletwa na programu nyingine, kwa hiyo sfc haivijui. Ila kuna mahali inafaa: kisanduku kikitaja faili linaloanza na api-ms-win-crt na uko kwenye Windows 10 au 11, hilo ni la Windows. Fungua cmd kama msimamizi, endesha kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. Kwenye Windows 7 faili hilo hilo huja na KB2999226.

"Access Database Engine ninayo, mbona bado inasema Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 haijasajiliwa?"

Tena ni biti. Hicho ni kiunganishi kinachowezesha programu nyingine kusoma faili la Access. Mfumo wa hesabu wa biti 64 hauwezi kutumia kiunganishi cha Office ya biti 32, hata kama Access yenyewe inafunguka vizuri kabisa. Fungua Access, nenda kwenye ukurasa wa akaunti, bonyeza sehemu inayoeleza kuhusu Access. Juu kabisa pameandikwa 32 au 64. Kisha linganisha na mfumo unaogombana nao. Njia safi ni kufanya vyote viwe vya biti sawa. Kulazimisha viwili tofauti viishi pamoja kwa ujanja wa cmd kunawezekana, lakini Office huanza kujirekebisha kila ukiifungua, na karani mwenye foleni ya wakulima mlangoni hana muda wa hilo.

LibreOffice Base ina jambo linalofanana: kanzidata yake ya ndani ya HSQLDB inahitaji Java, na LibreOffice ya biti 64 inataka Java ya biti 64. Ukishaiweka, ichague kwenye mipangilio ya LibreOffice, sehemu ya Advanced, kisha ufunge programu na kuifungua upya.

"Nina .NET 4.8, ya 3.5 ni ya kizamani, haina kazi."

.NET ni msingi wa Microsoft ambao programu nyingi za Windows huutegemea, na matoleo ya 4 hayachukui nafasi ya 3.5. Mifumo mingi ya zamani ya kutunza kumbukumbu bado inaidai, na Windows 10 huja ikiwa imezimwa. Ukikubali kuiwasha, Windows hukimbilia intaneti, na bando likiwa limekwisha au mtandao ni dhaifu unapata 0x800F0906. Hakuna haja ya kungoja mtandao. Chomeka flashi au diski ya kusakinishia Windows ya toleo lile lile lililo kwenye kompyuta, tuseme imekuwa D:, kisha kwenye cmd ya msimamizi andika:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Toleo lisipolingana, utapata 0x800F081F na utadhani amri ndiyo mbovu.

"Bila intaneti nzuri huwezi kutengeneza."

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuzorota, aliyekuwa na visakinishi mkononi aliendelea na kazi. Kwa ofisi ya Liwale au Nanyumbu, flashi moja yenye vc_redist.x64, vc_redist.x86, vifurushi vya 2010, 2012 na 2013 vya biti zote mbili, kisakinishi kamili cha .NET 4.8 kisichohitaji mtandao, na picha ya Windows ya toleo linalotumika ofisini, inatosha kabisa. Itumie kwa visakinishi tu, usihamishie nyaraka za watu, maana kirusi kikiingia humo utakuwa unakisambaza kila ofisi unayoitwa.

"Fomati tu, uanze upya."

Windows mpya haiji na kila kifurushi ambacho programu zako zinahitaji. Ukimaliza kufomati na kuweka tena Workbench, kisakinishi chake kinakagua kwanza kama Visual C++ ya x64 ipo. Isipokuwepo kinagoma na kukuambia uiweke. Umepoteza siku nzima, printa inataka kusanidiwa upya, na kama nakala ya data haikuchukuliwa, orodha ya wakulima imekwenda na diski. Kuweka kifurushi chenyewe kunachukua dakika chache, kuwasha upya kukiwemo.