Heremu: maana yake, na kwa nini ya Spinoza bado inajadiliwa

Heremu ni amri ya kumtenga Myahudi na jamii yake. Tusiifananishe na kutengwa na Kanisa Katoliki. Uyahudi hauna Papa, hivyo amri hutolewa na jamii ya mahali, na makali yake huonekana sokoni na mezani: hakuna wa kufanya naye biashara, kusali naye wala kula naye.

Katika Amsterdam ya karne ya 17 heremu ilikuwa jambo la kawaida, hata kwa ugomvi wa fedha. Mtu aliomba radhi, akarudi.

Tarehe 27 Julai 1656, wazee wa jamii ya Wayahudi wa asili ya Kireno walimtenga Baruch Spinoza, kijana wa miaka 23 aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri. Tamko lilikataza mtu yeyote kuzungumza naye, kumwandikia, kumfadhili, kukaa naye chini ya paa moja, kumkaribia ndani ya dhiraa nne (kama mita 2) au kusoma maandishi yake. Linataja uzushi wa kuchukiza, lakini halisemi ni upi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani alitengwa kwa sababu ya vitabu vyake. Wakati huo hakuwa amechapisha chochote.

Uzushi wenyewe tunausoma katika vitabu vya baadaye. Mwaka 1670 alidai kwamba Musa hakuandika Torati yote. Kwani inasimulia hadi kifo na maziko yake mwenyewe Musa! Sheria ya Musa, alisema, ilikuwa sheria ya dola, na dola ilipoanguka haikumfunga mtu tena. Katika "Ethica", iliyotoka 1677 baada ya kifo chake, Mungu si mfalme anayekasirika na kusamehe, bali ni "Mungu, yaani Maumbile".

Spinoza hakuomba radhi, na hakuingia dini nyingine. Hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hadi hapo aliyetoka sinagogi alitarajiwa kuingia kanisani.

Moses Mendelssohn, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, alimjibu mwaka 1783 katika kitabu chake "Jerusalem". Alikubali kwamba dini haina tena mamlaka ya kuadhibu, na akaipinga heremu yenyewe. Ila alishikilia kwamba Sheria bado inamfunga Myahudi. Wayahudi wasioshika dini walimchukua Spinoza kama baba yao, na David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, alitaka arudishwe kundini. Mwaka 2015 suala hilo lilijadiliwa Amsterdam kwenyewe. Heremu haikuondolewa.