Njoo na picha zako: namna picha za nyumbani zinavyosaidia katika tiba ya kisaikolojia

Wengi wanaokuja kwangu hapa Goma huanza kwa kusema hawana la kusema. "Dokta, silali." "Nimechoka tu." Halafu kimya. Baadhi yao mimi huwaomba jambo moja kwa kikao kinachofuata: njoo na picha tatu au nne za kwako. Za karatasi, za kwenye simu, zote sawa.

Niseme mapema kwamba mimi sisomi picha. Wapo wanaodhani nitaangalia nani kasimama mbali na nani, nani kanuna, kisha niwatajie siri ya ukoo. Hapana. Maana ya picha huja na anayeitazama, na mwenye picha ndiye anayeijua hadithi yake. Judy Weiser, mwanasaikolojia wa Kanada aliyeanzisha kituo cha tiba kwa picha mjini Vancouver mwaka 1982, amelisisitiza hilo kwa miaka mingi. Hutaja aina tano za picha: ulizopiga wewe, ulizopigwa na wengine, ulizojipiga mwenyewe, zile za albamu ya familia, na picha yoyote ile, hata ya kalenda, inayokugusa bila wewe kujua kwa nini. Mimi hutumia zaidi za familia, maana hapa kwetu mtu hujieleza kwanza kwa watu wake: mtoto wa nani, mama wa nani.

Kazi yote iko kwenye maswali. Nani alishika kamera? Muda mfupi kabla ya hapo mlikuwa mnafanya nini? Nani alipaswa kuwepo na hayupo? Picha hii ungempa nani, na nani hutaki aione?

Mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alileta picha ya komunyo ya kwanza ya binti yake. Gauni jeupe, mshumaa, ua lenye mawe meusi ya volkano. Alizungumza sana juu ya gauni: lilishonwa wapi, bei gani, shangazi gani alichangia. Nikamuuliza nani aliyepiga. Akanyamaza, kisha akaweka kidole pembeni chini, karibu na viatu vya mtoto, palipoangukia kivuli cha mtu aliyeinua mikono. "Ni baba yao. Yuko hapa." Vikao vyote vilivyotangulia hakuwa amemtaja mumewe hata mara moja. Alifariki mbali, wakati wa vita, na mama huyu hakumzika. Tulianzia kwenye kivuli hicho, na wiki zilizofuata tukaweza kuzungumza juu ya msiba ambao haukupata kilio chake.

Kwa nini alisema siku hiyo na si kabla? Kukaa uso kwa uso na mtu usiyemjua vizuri na kumtolea mambo ya nyumbani ni kazi nzito, hasa kwa aliyefundishwa kutomkazia mkubwa macho. Picha ikiwa mezani, wote wawili tunainama tunaitazama. Anaongea na picha, mimi nasikiliza kando yake. Tena kumbukumbu hurudi na vitu vyake: harufu, wimbo, jina la jirani.

Ila huu ni mji ambao picha zake nyingi ziliungua. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani tarehe 17 Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kumeza nyumba upande wa Buhene. Wengine picha zilibaki vijijini walipokimbia vita. Mtu wa namna hiyo nampa karatasi tupu yenye ukubwa wa picha, namwomba aniambie kilichokuwemo: nani kushoto, nani kabeba mtoto, jua lilitoka wapi. Mara nyingi hapo ndipo nasikia mengi kuliko penye picha yenyewe. Na wako wanaoamua kumwandikia ndugu wa Bukavu au Kigali kwa WhatsApp, kuuliza kama ana nakala. Mawasiliano yaliyokufa miaka mingi yanaanza tena.

Kuna picha ambazo sizifungui haraka: za maiti, za nyumba zinazowaka, ambazo watu wengi hapa wanazo kwenye simu. Kwa mwenye kiwewe, picha ya hivyo humrudisha palepale. Pumzi inakatika, macho yanapotea. Tunaigeuza, anakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, ananitajia vitu anavyoviona chumbani mpaka arudi. Usijaribu kuzifungua picha za namna hiyo nyumbani peke yako. Na picha ya mtu sibaki nayo, sitoi nakala, situmi kokote.

Ukija, chagua mwenyewe, na usilete zile nzuri tu. Asiye na picha hata moja aje vilevile, karatasi ninazo.